Shukrani ya Makasha Thelathini na Sita

Saa tatu kasorobo asubuhi, siku moja kabla ya Mei Mosi ya mwaka 2089, dari ya ukumbi mkuu wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Mindu ilianza kujaa nyuzi za mwanga. Uzi wa kwanza ulichomoza juu ya kaunta ya mapokezi, mwembamba kama wa buibui, ukakata hewa na kutua juu ya meza ya majarida. Wa pili ukafuata, kisha wa tatu, kisha nyuzi zikamiminika kwa mamia, za kijani, za dhahabu, za samawati, zikipishana na kufungamana hadi dari nzima ikawa kama mkeka unaosukwa na mikono isiyoonekana. Wanafunzi waliokuwa wakipita na mabegi yao walisimama wakainua vichwa. Hata roboti wapangaji wa vitabu, ambao hawana haja ya kutazama juu, walipunguza mwendo, maana waliamriwa wasimgonge mtu aliyeduwaa.

Aliyekuwa akiifanya kazi hiyo aliitwa Mfumanyuzi. Alikuwa mashine ya kupima ushirikiano. Kila mfanyakazi wa maktaba alivaa kifuani kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, kilichoitwa kisikizi. Mtu akisaidiwa na mwenzake, aligusa kisikizi chake na kusema kwa sauti, namshukuru fulani kwa jambo fulani. Mfumanyuzi alisikia, akaupima uzito wa jambo lenyewe, kisha akavuta uzi mmoja kutoka kwa aliyeshukuru hadi kwa aliyeshukuriwa. Nyuzi hizo zilikaa kwenye kumbukumbu yake mwaka mzima. Siku moja tu alizionyesha zote, na kwa hizo akakitangaza kitengo kilichoshirikiana kuliko vingine. Washindi walivikwa mashada na kulishwa keki mbele ya wenzao, na kesho yake waliandamana mstari wa mbele kwenye sherehe za wafanyakazi mjini Morogoro.

Skolastika Mkude alikuwa amesimama pembeni ya ukumbi, bamba la kuongozea mashine likiwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa Mfumanyuzi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, sauti ndogo, na tabia ya kukaa karibu na ukuta. Wageni walipouliza nani anayeiendesha mashine hii ya ajabu, wenzake walilazimika kumsukuma mbele.

Asubuhi hiyo hakuitazama dari. Alikuwa akitazama orodha ya pili.

Watu wengi waliifahamu orodha ya kwanza, ya washindi. Ya pili haikutangazwa kwa mbwembwe. Ilikuwa ya wale ambao Mfumanyuzi aliwaita wasiofungamana: watu wenye nyuzi chini ya kumi na wenye saa zaidi ya mia mbili za kutoonekana kwenye vituo vyao vya kazi. Hao walihamishiwa Ghala la Mikese, umbali wa kilomita thelathini, ambako vitabu visivyosomwa vilihifadhiwa kwenye baridi na mtu mmoja aliketi na roboti arobaini kutwa nzima. Mwaka huu orodha ilikuwa na jina moja.

Mwinshehe Kunambi. Nyuzi mbili. Saa za kutoonekana kituoni, mia mbili na kumi na mbili.

Skola alijua saa zile zilikwenda wapi. Kati ya watu wote waliovaa visikizi, aliyejua alikuwa yeye na Mwinshehe mwenyewe tu.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei ya mwaka uliopita. Wakati huo Skola alikuwa kitengo cha kunakili, kazi yake ikiwa kuhamisha tasnifu za zamani, zile zilizochapwa kwenye karatasi enzi za mababu, ziingie kwenye kumbukumbu ya chuo. Tasnifu iliyokwisha kunakiliwa ilipelekwa kwenye Kinu, mtambo wa chini uliosaga karatasi ikawa uji wa kutengenezea karatasi mpya. Kwa hiyo kulikuwa na kanuni: kabla kasha halijapelekwa kwenye Kinu, mtu alifunue, achukue kurasa kumi popote pale, azilinganishe na zile zilizomo kwenye kioo cha mashine. Mtu, siyo mashine. Kazi ya dakika ishirini kwa kasha.

Ijumaa ile yalibaki makasha thelathini na sita, na Skola alikuwa na miadi ya kusuka. Kesho yake ilikuwa kichenpati ya mdogo wake, na msusi alikuwa amemwambia akichelewa nafasi inakwenda kwa mwingine. Akatazama makasha, akatazama saa. Mashine ya kunakili haikuwa imewahi kukosea tangu Januari. Akagusa kioo mara moja, makasha yote thelathini na sita yakaandikwa yamehakikiwa, akachukua mkoba wake akaondoka.

Ilikuwa masika. Unyevu ulikuwa umezigandisha karatasi, na mashine ilikuwa ikivuta mbili mbili kwa pamoja. Karibu nusu ya kurasa hazikunakiliwa.

Jumatatu alimkuta Mwinshehe kwenye mlango wa Kinu, ameketi juu ya kasha, amevua miwani. Mwinshehe alikuwa msimamizi wa roboti wapangaji wa ghorofa ya nne, mtu wa miaka hamsini na saba, mjane, aliyewajua wanafunzi kwa majina na kwa majina ya vijiji vyao.

"Hizi bado, binti," alimwambia, akimwonyesha tasnifu iliyofunguliwa magotini. "Nilishuka kutafuta boksi la kuwekea betri, nikachungulia tu, nikalinganisha na nakala ya kwenye kioo. Ukurasa wa nne upo, wa tano haupo, wa sita upo."

Skola akashika ukingo wa mlango.

"Usitetemeke," alisema Mwinshehe. "Nimekizima Kinu. Wewe nenda kaendelee na kazi. Hili niachie mimi."

Naye akaenda. Hilo ndilo lililomtafuna zaidi ya kosa lenyewe, kwamba aliambiwa nenda na kweli akaenda. Kwa miezi mitano Mwinshehe alikitoroka kituo chake mchana, na Jumamosi nyingi hakupumzika, akinakili upya ukurasa kwa ukurasa kwa mashine kuukuu ya mkono iliyokuwa chini. Skola hakushuka hata mara moja. Aliogopa kuonekana. Angegusa kisikizi na kusema "namshukuru Bwana Mwinshehe," Mfumanyuzi angeuliza, kwa lipi? Basi akanyamaza. Mwezi wa saba akapandishwa cheo, akapewa kumlea Mfumanyuzi, kwa sababu aliumaliza mradi wa tasnifu kwa wakati.

Pembeni ya ukumbi, chai ilikuwa imeshaanza. Faraji Kibwana wa kaunta ya maulizo, aliyejulikana kwa mdomo wake, alikuwa na kitumbua mkono huu na kingine mkono ule.

"Mwaka huu keki ni yetu," aliwaambia waliomzunguka. "Tumeshukuriana mpaka tumekauka koo. Juzi nimemshukuru mtu kwa kunipisha mlangoni."

"Na mwenyewe akakushukuru kwa kumshukuru," akadakia mmoja.

"Ushirikiano ni huo! Eti dada Skola, ule uzi nao si unahesabika?"

"Ule mwepesi sana, kaka Faraji," alijibu Skola bila kumtazama. "Hauonekani hata kwa darubini."

Wakacheka. Kwa sababu ya watu kama Faraji, Skola mwenyewe alikuwa ameiandika kanuni ya shukrani iliyochelewa. Mwaka uliotangulia watu walikopeshana shukrani wiki ya mwisho, nishukuru nikushukuru, mpaka dari ikakaribia kuzimika. Ndipo akaweka sharti kwamba shukrani yenye umri wa zaidi ya siku saba isemwe mbele ya wafanyakazi wote, ikitajwa kazi, tarehe na sababu iliyofanya msaada uhitajike. Ikipokelewa, saa alizotumia msaidizi zinarudishwa kwenye hesabu yake. Wote walimsifu kwa kanuni hiyo. Sasa ilikuwa mlango pekee uliobaki wa kumtoa Mwinshehe kwenye orodha, nao ulipita mbele ya watu sitini.

Akamwona akiingia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Skola akamfuata kabla moyo haujambadilikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mbona umekonda? Mashine inakunyima kula?"

"Baba, jina lako lipo kwenye orodha ya Mikese."

Mwinshehe alichukua kikombe, akajimiminia chai, akaweka sukari vijiko vitatu. Mkono wake ulikuwa thabiti, lakini alikoroga kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mikese," alisema hatimaye. "Kule hakuna hata mtu wa kumsalimia. Mimi nyumbani hakuna mtu, na kazini pia hakuna mtu." Akajaribu kucheka. "Labda niwafundishe roboti bao."

"Nitasema leo. Nitasema mbele yao."

"Utasema nini? Lile limekwisha. Tasnifu zipo, hakuna aliyepoteza chochote. Ukisema watakufukuza, binti. Mimi bado miaka mitatu nistaafu, wewe ndiyo kwanza unaanza."

"Lakini baba..."

"Kunywa chai," alisema, na akaondoka kwenda kukaa kiti cha nyuma.

Alikuwa amemwachia mlango wa kutokea kwa mara ya pili. Skola alisimama na bamba lake mkononi, akagundua kwa aibu kwamba sehemu moja ya moyo wake ilikuwa imefurahi.

Dokta Eliaichi Mmari, mkutubi mkuu, alipanda jukwaani saa tatu na nusu. Alikuwa mama mrefu, mwenye kuongea taratibu, na aliyeamini vitu vilivyopimwa. Akaeleza jinsi maktaba ilivyokuwa zamani, kila kitengo kikilalamikia kingine, na jinsi Mfumanyuzi alivyowafundisha watu kuonana. Akataja kwa fahari mradi wa tasnifu, uliosifiwa na baraza la chuo kwa kutokuwa na dosari hata moja. Kisha akatangaza kitengo cha maulizo. Watu wakapiga vigelegele, Faraji akacheza mpaka mezani, dari ikawaka dhahabu juu ya kaunta yake.

"Kabla ya keki," alisema Dokta Eliaichi, "ni utaratibu kuuliza. Je, kuna shukrani iliyochelewa?"

Swali hilo lilikuwa la kutimiza wajibu tu. Liliulizwa kila mkutano wa wafanyakazi tangu kanuni ianze, na halikuwa limejibiwa hata mara moja. Dokta alikwisha kukishika kisu cha keki.

"Ipo," alisema Skola.

Sauti haikutoka vizuri. Akarudia, na watu wakageuka. Akagusa kisikizi chake, kidole kikiteleza kwa jasho.

"Namshukuru Bwana Mwinshehe Kunambi."

Sauti ya Mfumanyuzi ikasikika ukumbini, laini, isiyo na haraka. "Taja tarehe."

"Ishirini na tano Mei, mwaka jana. Mpaka Oktoba."

"Shukrani hii ina umri wa siku mia tatu na arobaini. Taja kazi."

"Alinakili upya tasnifu. Makasha thelathini na sita. Kwa mkono."

Kicheko kilichokuwa kimebaki kwenye meza ya maulizo kikakatika. Dokta Eliaichi akakiweka kisu chini polepole.

"Taja sababu iliyofanya msaada uhitajike," alisema Mfumanyuzi, kama alivyofundishwa na Skola mwenyewe.

"Binti, kaa chini," ilisikika sauti ya Mwinshehe kutoka nyuma.

"Siwezi kukaa, baba. Sababu ni mimi. Nilisaini kwamba nimehakiki, na sikufunua hata kasha moja. Nilikuwa... nilikuwa nawahi kusuka."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akainama.

"Kusuka," alisema Dokta Eliaichi.

"Ndiyo, Dokta. Ingekuwa si yeye, zingesagwa zote. Saa zile ambazo mashine inasema hakuwepo kituoni, alikuwa chini akinirekebishia. Na sikumshukuru. Siyo kwa kisikizi tu. Hata kwa mdomo sikumshukuru."

Mfumanyuzi alimaliza kupima. Katikati ya dari ukatokea uzi mmoja, mnene kama kamba ya mkonge, mweupe, ukining'inia bila kutua.

"Bwana Mwinshehe Kunambi, je, unaipokea shukrani hii?"

Mwinshehe alisimama. Alikuwa amekasirika, Skola aliliona hilo, naye hakuwa amewahi kumwona amekasirika.

"Siipokei," alisema.

Watu wakanong'ona.

"Siipokei peke yangu," akaendelea Mwinshehe. "Umeshaanza kusema, basi tuseme yote. Makasha yale yana uzito, na mgongo wangu mnaujua. Aliyeyabeba kutoka mlangoni kwa Kinu mpaka chumba cha mashine ya mkono ni Bi Mwajabu, anayetufagilia, kwenye toroli lake la ndoo. Aliyenifungulia Jumamosi ni Lukwele wa getini, na hakwenda kunywa chai, alikaa nasi. Karatasi zilizogandana tulizitenganisha sisi watatu, kwa kisu cha kupakia siagi. Mashine, andika hivyo. Bi Mwajabu na Lukwele."

"Jina Mwajabu halina kisikizi," alisema Mfumanyuzi. "Jina Lukwele halina kisikizi. Tafadhali taja jina lililopo kwenye orodha."

"Nimetaja."

"Tafadhali taja jina lililopo kwenye orodha."

"Bi Mwajabu," alirudia Mwinshehe, kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba mashine ni kiziwi.

"Jina Mwajabu halina kisikizi."

Faraji, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa la kusema, alikuwa akitazama viatu vyake. Skola alijua ni nani aliyeitengeneza orodha ya wavaa visikizi. Alipokabidhiwa mashine, mbele yake kulikuwa na majina ya watu wote waliofanya kazi ndani ya jengo. Akaondoa wafagizi, walinzi na mama wa kantini kwa kuwa wao ni wa mkataba, na picha ya nyuzi ingekuwa nadhifu zaidi bila wao. Alikuwa amewaondoa kwa kugusa kioo mara moja.

Alikuwa amesimama pale akiamini anatoa shukrani iliyokamilika. Kumbe hata toba yake ilikuwa na kurasa zilizorukwa.

"Skola," alisema Dokta Eliaichi. "Zima."

Skola akazima. Uzi mweupe ukapotea kwanza, kisha wa dhahabu, kisha dari ikawa saruji tu, yenye alama ya maji karibu na dirisha. Dokta aliitazama kwa muda, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelihakikishia baraza la chuo kwa maandishi kwamba mradi haukuwa na dosari.

"Uhamisho wa Bwana Mwinshehe nimeusimamisha," alisema. "Nimeusimamisha mimi. Wewe, Skola, utaniandikia maelezo ya yote haya kabla ya saa nane. Kituo chako kipya nitakuambia Jumatatu, kama kitakuwepo. Bamba hilo liache mezani. Na wewe, Bwana Mwinshehe, ulinificha kosa miezi kumi na moja. Hilo nalo tutalizungumza."

"Nipo," alisema Mwinshehe. "Nikiulizwa nitajibu."

"Na keki je?" mtu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Keki ikae."

Skola aliliweka bamba mezani kando ya kisu. Alipompita Mwinshehe alitaka kusema kitu, lakini mzee huyo alitikisa kichwa na kumwonyesha kwa kidevu mlango wa ngazi za chini. Hakuwa ametabasamu. Skola akaelewa, akashuka.

Bi Mwajabu alikuwa kwenye ukumbi wa chini, akikamua tambara la kudekia. Roboti wangeweza kudeki, lakini kona za ngazi ziliwashinda. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, kanga kiunoni, na mikono yenye nguvu.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

Mama huyo aliinua uso, akamtazama kwa mshangao kidogo. "Marahaba, mwanangu. Keki imekwisha huko juu?"

"Haijaliwa." Skola alisimama kwenye ngazi ya mwisho, hana pa kuiweka mikono yake. "Nimekuja kukushukuru. Kwa yale makasha. Kwa kuyabeba, na karatasi, na siku zote zile. Nimechelewa sana. Naomba unisamehe."

"Ahaa." Bi Mwajabu aliliacha tambara likaangukia ndoo. "Kumbe Mwinshehe amesema. Yule alituapisha mimi na Lukwele tusithubutu kusema. Akasema yule binti hajui kuwa tupo wengine, mwacheni. Mimi sikumwamini. Nikasema, anajua. Maana kila ukinikuta hapa unainamisha kichwa, unapita haraka, salamu huna. Nikamwambia Lukwele, huyu mtoto ana haya, inamuuma. Nikakuhurumia, wallahi. Nikawa nasubiri mpaka upite ndiyo nideki, nisikuongezee."

Alisema hayo kwa upole, akiwa tayari ameshamsamehe, na msamaha ule ulikuwa umemngoja Skola mwaka mzima. Ilimtosha kuitikia tu. Angesema ndiyo, mama, ilikuwa aibu, na yote yangeishia hapo.

"Hapana, Bi Mwajabu," alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Sikuwa na aibu kwako. Sikuwa najua chochote. Nilikuwa nakupita tu."

Bi Mwajabu alimtazama, kisha akatazama sakafu aliyokuwa ameideki nusu, kisha akaisogeza ndoo kando kwa mguu.

"Haya," alisema. "Pita upande huu basi. Huko kumelowa."